Mtu wa Vifuniko

Tulipomaliza matanga ya Baba, ndugu walikaa nje ya nyumba kugawana vitu vyake. Kaka yangu alichukua koti la mvua, baba mdogo akachukua jembe na panga, na mjukuu aliyerithi jina akapewa kofia. Zamu yangu ilipofika niliomba redio. Watu walicheka. Ilikuwa redio ya kaseti ya zamani, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, antena imekatika, na huko nyuma mahali pa betri pameota ukungu wa kijani. Shemeji yangu alisema mwenye akili angeomba mbuzi. Nilimjibu kwamba mbuzi abaki naye, maana wanaelewana lugha.

Niliipokea nikaiweka mapajani. Nilipofungua kile kifuniko cha nyuma ilinijia harufu ya betri zilizoanikwa, na hapo shemeji na mbuzi wake wakanitoka kichwani. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Siku zile betri zikichoka hatukuzitupa. Tuliziita mawe, tukazianika juu ya bati mpaka zipate moto, nazo zikapata nguvu ya kuimba nyimbo mbili tatu zaidi. Harufu yake ni ya chuma, yenye uchachu kidogo. Mimi nikiisikia narudi darasa la tano pale Maguu, na Mwalimu Edeltruda anatuambia tuweke kalamu chini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Mbinga mjini, ambayo tulizoea kuyakuta na chumvi na viberiti, yalijaa mitumba, sabuni za rangi na redio za kaseti. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima yetu na pikapu zao, wakiwahi kabla ya chama cha ushirika, na nyumba iliyouza vizuri ilijulikana kwa redio. Jumapili baada ya misa milima ililia dansi kila upande. Shuleni nako wazazi waliambiwa kwamba sasa ni kuchangia. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na neno hilo alilichukua kwa uzito. Alisema mtu aliyechangia kuni ana haki ya kufunua chungu.

Mwalimu Edeltruda alikuwa Mnyasa wa Lundo, kule chini ziwani. Alipopangiwa kwetu milimani alikuja na sanduku, godoro, kapu la usipa wakavu na redio yake. Alikuwa msichana bado, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayomlazimu mtu kunyamaza ili amsikie. Watu walimtania kwamba daftari za darasa lake zinanuka samaki. Naye aliwajibu kwamba sisi Wamatengo wa milimani tumezaliwa mguu mmoja mfupi kwa ajili ya miteremko, ndiyo maana hatushuki ziwani, tunaogopa kuanguka penye tambarare. Mama yangu aliposikia hilo alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa mtu wa Mwalimu.

Alhamisi moja, kipindi cha mwisho, Mwalimu aliweka redio juu ya meza akasema tutasikiliza okestra. Tulifurahi sana. Okestra tuliijua sisi, ni bendi ya dansi, magitaa na saksafoni, na Gotfrid aliyekaa nyuma yangu alishaanza kutikisa mabega. Mwalimu akabonyeza. Halikutoka gitaa. Kilitoka kitu chembamba kutoka mbali, kikasogea taratibu, kikajiunga na kingine, na kingine, mpaka darasa lote likajaa na vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Niligeuka nikaona mabega ya Gotfrid yamesimama na mdomo wake uko wazi.

Mpaka leo sijui wimbo ule unaitwaje. Karatasi ya kaseti ilikuwa imechanika penye jina, na sista mzee aliyempa Mwalimu alikuwa ameshasahau. Haukuwa na maneno. Sisi hatukuwahi kusikia wimbo mrefu vile usio na maneno; wa kwaya una maneno, wa ngoma una maneno, hata wa dansi unayo, ingawa mengine Mama alituzibia masikio. Mimi nilikaa nikisubiri mtu aanze kuimba. Hakuanza. Badala yake, bila kunyanyuka kwenye dawati, nikaanza kushuka. Nilipita mashamba ya kahawa, nikapita mto, nikashuka milima ambayo miguu yangu haikuwahi kuishuka, na huko chini nikakuta maji mengi yamelala.

Upande wa kwanza wa kaseti ulipokwisha, Mwalimu hakutuuliza tumesikia nini.

“Umefika wapi?” alimuuliza rafiki yangu Kanisia.

“Nimefika Namswea kwa bibi, Mwalimu. Lakini bibi hakuwepo.”

“Ukamsubiri?”

“Ndiyo. Wimbo ukaisha.”

Gotfrid alisema amefika mahali watu wanajenga. Wanajenga nini, hajui, ila ni kirefu. Zamu yangu ilipofika nilisema nimefika ziwani.

“Umewahi kwenda ziwani?” Mwalimu aliuliza.

“Bado, Mwalimu.”

“Sasa hilo uliloliona lina rangi gani?”

“Ya sufuria mpya.”

Alitazama dirishani upande wa magharibi, ambako milima inaanguka.

“Ni kweli,” alisema. “Asubuhi, kabla upepo haujaamka, linakuwa hivyo.”

Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nilikuwa nimefika mahali, tena nimepatia, na shahidi ni mtu wa hukohuko.

Wiki iliyofuata alitupitishia ile karatasi ya kaseti. Ilikuwa na picha ndogo ya wapigaji, watu wengi wenye nguo nyeusi, wamekaa mistari kwa mistari, kila mmoja ameinamia chombo chake, na mbele yao mmoja amesimama na kijiti. Wengine wangeshangaa. Mimi niliitazama mara moja nikajua nini kinaendelea pale. Ilikuwa ngokela.

Kwetu shamba la mlimani hulilimi peke yako. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mteremko mzima unakuwa miraba. Majani yanaachwa yakauke. Ndipo wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo ule, na panapobaki shimo ndipo maji ya mvua yanapotulia yasibebe udongo. Hiyo ndiyo ngoro, na ngoro inataka watu. Leo majirani wote wako kwako, kesho nawe uko kwao, na kukusanyana huko ndiko tunakoita ngokela. Mwenye shamba hulipi kitu. Unapika, unaandaa togwa na pombe, watu wanakula wanashiba.

Kwa hiyo mimi niliwaona wale wenye fidla, mikono yao yote imeinuka upande mmoja, nikaona wanawake na majembe. Yule wa kijiti ni mwenye shamba. Na nyuma kabisa, peke yake, alisimama mtu mmoja mwenye vifuniko viwili vya sufuria vinavyong'aa. Nilifurahi kumwona. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi watu wengi vile watakula nini.

“Mwalimu,” niliuliza, “huyu ndiye anayepika?”

Hakuna mwenzangu aliyecheka, maana nadhani wote walikuwa na swali hilohilo. Mwalimu aligeukia ubao, akakaa hivyo kwa muda, mabega yanamcheza. Aliporudi kwetu uso wake ulikuwa umenyooka.

“Basi wewe mfuate huyo,” aliniambia. “Utaona anapika nini.”

Hapo ndipo alipotuwekea utaratibu wake. Kila mtu ashike mtu wake mmoja kwenye picha, amfuate kwenye wimbo mwanzo hadi mwisho, asimwache hata akipotelea katikati ya wengine. Kanisia alishika mwenye filimbi. Gotfrid alishika tarumbeta kubwa, kwa sababu ya mashavu ya mpigaji. Wengi walishika fidla. Mimi nilikuwa na mpishi wangu, na kusema kweli nilimchagua kwa sababu kipindi cha mwisho nilikuwa na njaa.

Lo, mtu yule alinitesa. Upande wa kwanza wote wa kaseti hakutoa hata mlio. Wenzangu walitoka darasani wakiwasimulia watu wao, mara filimbi kapanda mti, mara tarumbeta kaghadhibika, na mimi sina la kusema. Nilianza kumtilia shaka. Kila ngokela ina mtegeaji wake, yule anayefika na jembe begani, akasalimia watu vizuri, akaenda kujisaidia vichakani na kurudi chakula kikiwa kinapakuliwa. Nilimwendea Mwalimu nikamwomba anibadilishie, anipe hata fidla ya kuchangia na wengine.

“Umeshasikia upande wa pili?” aliniuliza.

“Bado.”

“Sasa unamfukuzaje mtu kabla hujaona kazi yake?”

Tulisikiliza upande wa pili Alhamisi iliyofuata. Wimbo ulirudi chini kabisa, ukabaki fidla kubwa zinanung'unika, halafu ukaanza kupanda. Ulipanda kwa hatua, kila hatua mwingine anaingia, filimbi, tarumbeta, ngoma, mpaka nikaona hakuna tena mahali pa kupanda. Na papo hapo ukaja mlio ambao sikuwahi kuusikia. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa bati asubuhi na jua lote limeingia kwa pamoja. Nilijikuta nimesimama.

“Mwalimu,” nilisema, “kimeiva.”

Safari hii walicheka, naye Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho. Sikujali. Mtu wangu hakuwa mpishi wala hakuwa mtegeaji. Wote wale walikuwa wanapanda kumfuata yeye, na yeye alikuwa anawangoja huko juu. Tangu siku ile sikutaka fidla ya mtu.

Wimbo ukatuingia. Kanisia alikuwa anapiga filimbi kwa mdomo akienda kisimani, na Gotfrid kutoka mteremko wa pili anamjibu kwa mashavu. Mama alinipa vifuniko vyake viwili vya alumini, akisema nivirudishe kabla maharage hayajachemka, na nikavifungia kwenye kanga kama vitu vya altareni. Mama hakujua wimbo wenyewe unahusu nini. Alisema mtoto akipewa kazi apewe na vyombo.

Kisha msimu wa kahawa ukafika, na hapo maneno yakaanza. Kahawa ikiiva haisubiri mtu, na mikono ya watoto ilihitajika mashambani tangu mchana. Wazazi walianza kumuuliza Baba ni somo gani hilo la watoto kukaa kimya mikono mapajani huku matunda yanaanguka chini. Tena somo lenyewe halina mtihani. Baba aliniita jioni moja akiwa anaosha miguu.

“Nasikia mnafika ziwani.”

“Ndiyo, Baba.”

“Mnarudi na samaki?”

“Hapana, Baba.”

“Basi hamjafika.”

“Mwache mtoto,” Mama alisema kutoka jikoni.

“Sijamshika,” alijibu Baba. Akanigeukia. “Mimi watu wananiuliza, na sina jibu. Alhamisi kamati itakuja kukaa hapohapo darasani, tusikie wenyewe. Ikiwa kuna kitu, tutakiona. Ikiwa ni kelele tu, saa hiyo inakwisha, na Mwalimu redio yake akaipigie nyumbani.”

Baba hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mkali hupoa. Baba alikuwa mtu wa haki, na akishaamua jambo kwa haki hata paroko hamgeuzi. Niliogopa kwa ajili ya Mwalimu, lakini nisijifanye malaika, niliogopa zaidi kwa ajili yangu. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ningerudi kuwa mtoto wa kuchuma kahawa, aliyewahi kusikia kwamba kuna ziwa.

Wiki ile ukungu ulikaa juu ya Maguu kama ulikuwa umepangisha. Mnaijua baridi ya kwetu ya katikati ya mwaka, nguo haikauki na jua unalisikia kwa wengine. Betri za Mwalimu zilikuwa zimechoka, mshahara ulikuwa umechelewa, na bati la kuanikia lilikuwa limelowa tangu Jumatatu. Alizikausha mafigani, akazifunga kwenye kitambaa, akaja nazo darasani zikiwa na joto.

Kamati iliketi kwenye madawati ya nyuma, magoti yamewapanda kifuani kwa ufupi wa viti. Tuliwaamkia kwa pamoja, wakaitikia. Baba aliweka kofia yake mbele yake, akakunja mikono. Mwalimu aliweka upande wa pili, ule unaopanda, akabonyeza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Niliona hata mama yake Gotfrid ameinamisha kichwa upande mmoja. Halafu fidla zikaanza kuchoka. Zilivuta sauti, zikazama, zikawa mlio wa ng'ombe anayezaa kwa shida, na mzee mmoja akaguna ng'ombe apewe chumvi. Wazazi waliangua kicheko. Wimbo ulivuta pumzi ya mwisho ukanyamaza. Mwalimu alizitoa betri, akazing'ata moja moja kama tulivyofanya sote siku zile, akazirudisha, akabonyeza. Hakuna.

Baba alichukua kofia yake akasimama.

“Basi, Mwalimu. Ahsante. Tumesikia.”

Ndipo Kanisia, yule Kanisia ambaye akiulizwa jina lake alikuwa anatazama chini, akakunja midomo na kuanza filimbi pale pale redio ilipokatia. Peke yake. Mstari mzima akaumaliza peke yake, na Baba akiwa bado amesimama. Halafu dawati la fidla likaingia, wote kwa midomo iliyofumbwa, mm, mm, na fidla kubwa wakawafuata chini. Gotfrid akajaza mashavu. Waliokuwa na ngoma wakapiga madawati kwa viganja. Mwalimu aliokota kipande cha chaki, akainua mkono, na darasa lote likaanza kupanda.

Darasa lote isipokuwa mimi. Mimi nilikaa kimya, vifuniko vya Mama vimelala mapajani chini ya dawati ambako hakuna anayeviona. Baba aliwapitia watoto kwa macho mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu, akakaa hapo. Nilijua anachokiona. Watoto wa watu wote wanafanya kazi, na wa mwenyekiti amefunga mdomo. Uso wake uliingia aibu, aibu niliyowahi kuiona kwake mara moja tu, siku kahawa yetu iliporudishwa kwa unyevu. Ningeweza kujiunga na fidla, nazijua zote, hakuna ambaye angejua. Machozi yalinijaa. Nilimtazama Baba machoni, kitu ambacho kwetu mtoto hafanyi, na sikufungua mdomo. Mtu wangu alikuwa bado.

Walipanda. Kanisia akafika juu mpaka sauti ikawa kama uzi. Madawati yakanguruma. Na wakafika pale pasipo na mahali pengine pa kupanda, nami nikasimama, nikavitoa vifuniko, nikavipiga kwa nguvu zote za utoto wangu.

Nilivipiga vizuri mno. Kishikio cha kifuniko kimoja kilikatika, na kifuniko chenyewe kikaruka, kikabingirika katikati ya madawati kikiimba kwenye sakafu, kikaenda kulala miguuni pa Baba. Baba aliinama akakiokota. Alikigeuza upande huu na huu, na bila shaka alikitambua, maana kilikuwa kinafunika maharage yake kila siku.

“Wewe ulikaa tu muda wote,” alisema.

“Ndiyo, Baba.”

“Wenzako wanafanya kazi.”

“Nilikuwa nasubiri, Baba.”

“Unasubiri nini?”

Nilitafuta maneno ya Mwalimu sikuyapata. Nikayapata ya nyumbani.

“Majani yakauke.”

Kule nyuma mama mmoja alisema “Eee!” kwa sauti ya chini, na mama yake Gotfrid akapiga kigelegele kifupi, kisha akajiziba mdomo. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mwanamke anayeingia na jembe majani yakiwa mabichi ameharibu shamba la watu, na anayekaa chini kuyasubiri hajawahi kuitwa mvivu. Baba alinitazama, akakitazama kifuniko, akawatazama wenzake wa kamati. Akakaa tena kwenye lile dawati fupi.

“Saa hiyo ibaki,” alisema. “Ila msimu huu iwe baada ya kuchuma. Na betri, kamati itaangalia.” Halafu akamgeukia Mwalimu. “Samahani, Mwalimu. Nilisimama mapema.”

Nimeishi muda mrefu tangu siku ile, nimepata vyeti na nimepigiwa makofi mahali kadhaa. Sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna pale, mkono mmoja una kifuniko na mwingine mtupu.

Tulirudi nyumbani pamoja, Baba mbele mimi nyuma, kwenye kijia cha katikati ya mibuni. Hakunisifu. Baba hakuwa na mkono wa kusifia watoto wake, alikuwa anaona ni kama mtu kujisifu mwenyewe hadharani. Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliposema bila kugeuka:

“Yule mtu wa vifuniko. Ujira wake ni sawa na wa wengine?”

“Sijui, Baba.”

“Uwe sawa,” alisema, akaendelea kutembea.

Mama alikipokea kifuniko chake bila kishikio, chenye ukingo uliobonyea, akatafuta msumari na kizibo akakitengenezea kishikio. Hakikuziba vizuri tena. Aliletewa vingine vipya, akavipa wageni, hicho akabaki nacho.

Mwalimu Edeltruda alihamishwa baadaye, akarudi kufundisha ukanda wa ziwani. Siku ya kuondoka alipita kwetu kuaga, akamwachia Baba ile kaseti. Alisema redio ya kusikilizia Baba atajipatia, na kweli, kahawa ya mwaka ule ilipouzwa Baba alinunua hii ninayowasimulia. Mimi nilimaliza shule, nikaenda kusoma Songea, nikawa mwalimu, na safari yangu ya kwanza na mshahara wangu wa kwanza ilikuwa kushuka Lundo kumsalimia. Tulisimama ufukweni asubuhi, kabla ya upepo. Ziwa lilikuwa na rangi ileile niliyoisema. Maisha yakanipeleka mbali zaidi na huko, na kuja nyumbani kukawa kwa sikukuu na misiba. Ile kaseti sikuiulizia tena, nilidhani imeshaliwa na panya.

Sasa ilikuwa mapajani mwangu, ndani ya redio. Nilikwangua ule ukungu wa kijani kwa kisu, nikamtuma mtoto dukani kununua betri mpya. Watu walikuwa wanaendelea kugawana, shemeji anajadili mbuzi wake. Nilitaka kuirudisha kaseti mwanzo, Mama akanishika mkono.

“Usiizungushe,” alisema. “Baba yako ameiacha anapopataka.”

“Wapi?”

“Yeye hakuwa anasikiliza yote. Yote ya nini? Anasikiliza mwisho. Halafu anaitoa, anairudisha nyuma kwa kalamu, kidogo tu, asimalize betri. Jioni ya pili tena hivyohivyo. Miaka yote uliyokuwa huko. Akija mgeni, na mgeni naye anakalishwa.”

Niliweka betri, nikabonyeza. Ilikwaruza, kisha fidla zikatoka, zile kubwa kwanza, zikaanza kupanda palepale uani kwetu, katikati ya majembe na masufuria ya msibani. Kaka yangu aliuliza ni kitu gani hicho. Watoto wakasogea. Shemeji alikuwa bado anaongea, na Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa ameinua sauti, akainua kidole kimoja, kama bila shaka alivyomwona mumewe akifanya jioni kwa jioni.

“Nyamazeni,” alisema. “Mwanangu anaingia.”

Wakanyamaza wote, hata shemeji. Nami nikaingia.